Kiganja cha Kitufe

Mama mkwe alifika Jumamosi mchana na begi tupu, na mke wa mwanawe alipoliona lile begi alijua limekuja kujazwa.

"Nimemfuata mjukuu wangu," alisema kabla hata hajavua viatu. "Miezi kumi, mtoto hajatoa neno, hata kubwabwaja habwabwaji! Kwangu atakaa na watu wanaoongea. Hapa mnamlea na mashine."

Mtoto mwenyewe, waliyempa jina la Kitufe kwa yale macho yake meusi ya mviringo, alikuwa ameketi mkekani akitafuna ncha ya taulo. Alimtazama bibi yake. Akaachia taulo, akafungua mdomo.

"Mwoneni anavyonitazama!" bibi akadakia. "Anasema, bibi nichukue twende zetu. Eti, mume wangu? Si ndivyo unavyosema? Ndivyo anavyosema."

Kitufe akafunga mdomo.

"Mtoto haendi, mama," alisema mama yake. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutikisika.

Mumewe, fundi baiskeli, alisimama mlangoni akijifuta grisi vidoleni. Alikuwa mtu mwema, wa kutaka kila mtu aridhike. "Mama amekuja kutusaidia," alisema. "Mwache mtoto aende mpaka aanze kusema, halafu tutamrudisha."

"Siku akianza kusema, atakuwa anamwita nani mama?"

Fundi akarudi kwenye grisi yake.

Mama Kitufe alikuwa mshonaji katika karakana ya sare. Mashine zilizomo humo, zikianza kunguruma zote kwa pamoja, hata mtu apige kelele sikioni mwako husikii kitu. Basi wanawake wa pale walikuwa na lugha yao ya mikono. Vidole viwili vikifunguka na kujifunga, ni mkasi. Kidevu kikipanda, vipi mwenzangu? Nyusi zikipanda, ndiyo. Kiganja kikishushwa hewani kwa nguvu, zima mashine. Na sheria moja haikuvunjwa: ukishamwonyesha mwenzako ishara, subiri. Subiri mpaka aondoe mkono kwenye kitambaa, maana ukimharakisha, sindano itapita kidoleni kwake.

Kitufe alilala humo ndani ya kikapu cha vipande vya nguo. Msimamizi alikuwa hodari wa kuona mshono uliopinda, ila kikapu kile, kila alipokipita, alikuwa kama kipofu. Mpiga pasi naye alimpashia blanketi kila asubuhi bila kuombwa. Na yeyote aliyepita alimwinulia mtoto kidevu, kisha akasimama kumsubiri. Kitufe aliinua nyusi. Midomo yake ilicheza, tena sana tu, ila sauti ilimezwa na mashine. Kliniki, nesi aliwahi kugonga kijiko nyuma ya kisogo cha Kitufe, naye akageuka mara moja. Masikio hayakuwa na kasoro.

Haya yote mama Kitufe alikuwa amemweleza mama mkwe wake si mara moja. Ni kama kumweleza mtu aliye chini ya bomba lililopasuka.

"Simba mwenda kimya ndiye mla nyama," alijaribu tena.

"Simba hunguruma, mwanangu! Umewahi kusikia simba bubu?" Na hapo bibi alikuwa tayari ameshafungua begi. Kwanza alitoa kwenye pindo la mtandio wake soksi mbili ndogo alizozifuma kwa mkono wake, laini ajabu, akamvisha mtoto polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga begini. "Hili shati tunalichukua. Hili limembana. Utapenda kwangu, mume wangu, eti? Utapenda. Kuna nini? Una njaa? Hana njaa. Umechoka? Amechoka, maskini..."

Kitufe aliinua mkono, akaushusha hewani kwa nguvu.

Bibi akaendelea. Mtoto akaushusha tena, amekunja uso kama msimamizi mwenyewe.

Mama Kitufe akaangua kicheko. "Mama, anakuambia uzime mashine."

"Mashine gani?"

"Wewe."

Fundi baiskeli alikohoa, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mama Kitufe alichukua begi, akaligeuza, nguo zote zikamwagika mkekani. "Mama, nakuheshimu, na soksi hizi nitazitunza. Ila mwanangu si bubu. Anaongea na watu wanaomsubiri. Muulize neno moja, kisha unyamaze mpaka ajibu. Usimjibie. Akisema, begi linarudi tupu."

"Mimi nishindwe na kunyamaza?" Bibi aliketi, akajiweka sawa. "Hujambo, mume wangu? Hajambo."

"Mama!" alisema fundi.

"Imeniponyoka. Hujambo, mume wangu? Si unaona anacheka, maana yake..." Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mara ya tatu aliuma ule mtandio kabisa. Aliinua kidevu tu, kama alivyokuwa ameelezwa na mkwewe, akasubiri. Nzi alisikika akigonga kioo cha dirisha. Mtoto alimchunguza bibi yake: macho, pua, mdomo uliofungwa. Alingoja kidogo, kama mtu anayehofia kudakiwa.

"Ba," alisema. Kisha, alipoona hakuna anayemkatiza, "ba-ba-da-da-dabu!" Maneno yakamtoka, mengine juu, mengine chini, mate yakichuruzika kidevuni. Alipomaliza aliinua kidevu, akamtazama bibi. Ilikuwa zamu yake.

Macho ya bibi yalikuwa yamelowa. "Kweli kabisa," alimjibu kwa sauti ya chini, na zaidi ya hapo hakuongeza neno.

Kitufe akaanza upya.

"Kwa hiyo, mama, mtoto haendi," alisema mama Kitufe, akikunja begi tupu.

Mama mkwe hakugeuka. Aliinua mkono, akashusha kiganja hewani kwa nguvu.

"Zima mashine wewe. Mjukuu wangu hajamaliza."