Mganga wa Klementina

Mwaka 1955 karani wa serikali alikuja kwetu Michenga kuandikisha kila familia na kuipangia mganga wake. Klementina, mke wa mwanangu, mwenye mimba kubwa, akapangiwa mume wangu Theodori, aliyekuwa mganga.

"Karani, huyo ni mkwe wake! Atamvulia nguo?" nikamuuliza.

"Mama, mganga hana ukwe," akacheka.

Uchungu ulimshika Klementina mto ukiwa umefurika, hatukuweza kumvusha kwenda Ifakara kwa mkunga. Theodori aliketi nje, mgongo ukutani, akinielekeza la kufanya. Mtoto alitanguliza miguu, akatoka amekufa, na damu haikukoma.

"Mwanangu, niingie?" Theodori aliuliza akilia.

"Hapana, baba," Klementina akajibu.

Theodori aliingia tulipokwisha kumfunika Klementina shuka hadi usoni.