Ukurasa wa Nne

Bosi wangu anauza magodoro. Kila asubuhi anatafuta "magodoro" mtandaoni kwa simu yake, anaona duka letu limeshika namba moja, anachekelea. Jamani! Mtu anafungua tovuti yake mara ishirini kwa siku, unadhani simu itamwonyesha nini? Hata simu imejifunza kujipendekeza kama ofisi nzima.

Mimi ndiye niliyeajiriwa kuiangalia hiyo tovuti. Ripoti yangu ilisema ukweli mtupu: watu wengine wakitafuta, tuko ukurasa wa nne wa majibu, viungo thelathini na kimoja vya kufungulia kurasa zetu vimekufa, na ile video yake ya kukaribisha wateja inachelewesha kila kitu. Akaisoma, akasema nina kisirani. Barua ya kunifukuza ikachapwa, ikabaki sahihi yake tu. Nikajitosa:

"Bosi, kabla hujasaini, tujaribu kwa simu ya mtu asiyefungua tovuti yetu."

Kwenye kochi la wageni alikaa mama mkwe wake, katoka hospitali kutibiwa mgongo, kapita kumsalimia.

"Mama, samahani," bosi akamwambia kwa adabu zote. "Hebu tafuta godoro zuri kwa simu yako, huyu aumbuke."

Mama akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Akasogeza. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Wa nne.

"Haya, nyie hawa hapa, huku mwisho." Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka weee. "Mwanangu, mbona hapafunguki?"

"Subiri kidogo, mama."

"Nimesubiri daktari tangu alfajiri, nisubiri na godoro?" Akarudi kwa wale wa kwanza kabisa, wakafunguka papo hapo. Akawapigia, wakaelewana, akawaelekeza walilete hapa hapa dukani.

Bosi akamgeukia. "Mama... lakini mimi si nauza magodoro?"

"Miaka sita nakwambia mgongo unaniuma. Leo umeniambia nitafute, nimepata."

Mkwe hagombezwi. Gari la wapinzani lilipofika, bosi alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukalipitisha godoro lao katikati ya yetu hadi kwenye gari la mama, wateja wawili wakitukodolea macho.

"Kesho uje kazini," akaninong'oneza akihema. "Ila mke wangu asijue."

Nyuma yetu mama alikuwa ameshampata binti yake kwenye simu, anamsimulia tangu mwanzo.