Simu ya Chumba cha Juu

Mwongeli alipopangiwa lindo la Kitisuru alimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale ofisini kwa kampuni, askari wenzake wakimcheka. Kwa miaka miwili alikuwa amesimama mlangoni mwa jumba la maduka kule River Road, katikati ya Nairobi, akipekua mikoba ya watu na kupokea matusi yao asubuhi na jioni. Kitisuru kulikuwa na kivuli, kibanda chenye kiti cha kukalia, na geti moja tu la kufungua.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa, ya zamani, aliyoijenga marehemu Mzee Ndegwa enzi za nguvu zake. Sasa waliishi humo mwanawe Kiarie, mkewe Debra, na mjane wa mzee, Hannah, aliyekuwa amepita miaka sabini na mitano. Ikifika saa moja na nusu asubuhi, Kiarie na Debra walitoka kila mtu na gari lake. Ndani akabaki bibi katika chumba chake cha juu, na Ciru, msichana wa kazi.

Ukutani mwa kibanda palikuwa na simu nyeupe iliyogeuka manjano kwa uzee. Ilikuwa intakomu, wala haikufika nje ya ua ule. Mgeni akija, mlinzi alibonyeza kitufe cha jikoni, akauliza kama amruhusu. Na waliokuwa ndani wangeweza kupiga getini, ama kutoka jikoni, ama kutoka chumba cha juu, ambako Mzee Ndegwa aliweka mkono wa pili wa simu karibu na kitanda.

Siku ya tatu ya Mwongeli, saa nne asubuhi, ikalia.

"Geti," akajibu kama alivyofundishwa.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya kizee, yenye mikwaruzo, lakini ya mtu aliyezoea kujibiwa.

"Ni soja, madam. Naitwa Mwongeli."

"Soja ni mwanamke?" Bibi akacheka kidogo. "Haya. Madam ni Debra. Mimi niite shosho, bibi yako. Sasa niambie, huko nje kunapita nini? Dirisha yangu inaangalia nyuma, naona tu ukuta."

Mwongeli akatazama barabara. "Kunapita lori ya takataka, shosho. Na mbwa wa jirani ameifuata."

"Yule wa brauni? Huyo siku moja atakanyagwa."

Ndivyo walivyoanza. Kila siku saa nne simu ililia, na Mwongeli akaanza kuingoja. Alimsimulia bibi nani amepita, nani amenunua gari jipya, mti gani umekatwa. Bibi naye alimsimulia Woodley, alikoolewa akiwa msichana, nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ya dadake mkubwa, Wanjugu. Waliweka mlango kati ya nyua zao, wakapika katika jiko moja miaka kumi. Wanjugu angali yuko Woodley, bibi alisema, miguu ndiyo imekataa safari.

Lakini si siku zote bibi alikuwa sawa. Kuna siku aliuliza, "Ndegwa amefika?" Mara ya kwanza Mwongeli alimwambia ukweli, kwamba mzee alishafariki. Alichosikia kwenye simu kilimfanya ajute wiki nzima, kwa maana bibi alilia kama aliyeletewa habari hiyo leo. Tangu hapo alijibu tu, "Bado, shosho," na bibi akaridhika.

Siku nyingine bibi alinong'ona: "Wamenifungia na ufunguo."

Mwongeli alimuuliza Ciru alipokuja getini kununua mboga ya sukuma.

"Ni ukweli," Ciru akasema. "Kuna siku alitoka na nguo ya kulala akafika hadi barabara kubwa, gari ikamkosa hivi hivi. Ndio wakaanza kufunga. Lakini ufunguo niko nayo, nampelekea kila kitu. Usijali."

Mwongeli hakujali, basi. Au alijali kidogo, kisha akaacha.

Mwisho wa mwezi Ciru akaaga, amepata kazi ughaibuni. Msichana mwingine alitafutwa, hakupatikana upesi. Debra akapanga mambo upya. Asubuhi alimdunga mama mkwe wake sindano ya ugonjwa wa sukari, akamwachia chai na mkate, akafunga mlango. Saa saba mchana alitoka kazini mjini kuja kumlisha, kisha akarudi. Alikuwa akija mbio, akitoka mbio, lipstiki imemfutika, na hata siku moja hakumpita Mwongeli bila kumsalimu.

Katika siku hizo ndipo Kiarie alirudi ghafla saa nne na robo kuchukua kompyuta aliyosahau. Alipiga honi mara mbili, mara tatu. Mwongeli alikuwa na simu sikioni, anacheka, na mlio wa honi haukumfikia mpaka wa nne. Alipofungua geti, Kiarie alishusha kioo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Ni shosho, boss."

Kiarie hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa macho mekundu ya kukosa usingizi. "Sikia. Mama ni mgonjwa. Ukimwongelesha anachangamka, halafu usiku halali, anazunguka chumba akimwita baba. Mimi na Debra ndio tunakesha. Daktari amesema atulie. Hiyo simu ni ya wageni. Ikilia kutoka juu, achana nayo. Tumeelewana?"

"Ndio, boss."

Jioni hiyo msimamizi wake, Obuya, akampigia. "Mwongeli, mteja amelalamika. Hilo ni la kwanza. La pili halitakuwa, kwa sababu hutakuwa hapo. Uko na mtoto shule, si ndio?"

"Niko naye, afande."

"Basi."

Kesho yake, saa nne, simu ikalia. Mwongeli akatoka nje ya kibanda, akaenda kusimama kando ya geti, mikono nyuma. Ikalia mpaka ikachoka. Siku iliyofuata ikalia tena. Alijifunza kwamba bibi huacha baada ya milio kumi na miwili au kumi na mitatu, na kwamba hujaribu mara mbili, kisha hunyamaza hadi kesho. Ikawa hivyo siku kumi na tatu. Wakati mwingine alijiambia kwamba bibi amesahau aliyekuwa akimjibu. Wakati mwingine aliweka mkono juu ya simu inayolia, akaisikia ikitetema, akauondoa.

Alhamisi moja mjini kukachafuka. Vijana waliandamana, polisi wakafunga barabara, moshi wa vitoa machozi ukatanda kati ya majengo. Mwongeli alifuata habari kwenye simu yake ndogo. Saa nne intakomu ikalia mara mbili kama kawaida, ikanyamaza. Saa sita kasorobo ikalia tena.

Hilo halikuwa kawaida. Ililia ikapita milio kumi na mitatu. Ikapita ishirini. Ikakatika, ikaanza upya papo hapo. Mwongeli akaketi, akasimama, akaketi. Akawaza jinsi Kiarie alivyotokea siku ile bila taarifa. Akawaza karo. Ikakatika, ikaanza. Ikawa inalia kwa vipande vipande, mlio mmoja, kimya, milio miwili, kimya, kana kwamba kidole kinakitafuta kitufe na kukikosa. Kisha ikaacha.

"Amechoka," Mwongeli akasema kwa sauti, peke yake.

Saa saba Debra hakuja. Saa saba na nusu hakuja. Namba yake Mwongeli hakuwa nayo. Saa nane alimpigia Kiarie, simu ikakatwa, ujumbe ukaja: niko kwa mkutano. Akaandika: madam hajafika kumpa shosho chakula. Ujumbe haukujibiwa. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Debra alikwama ndani ya jengo la ofisi yao, milango imefungwa, akamwandikia mumewe aende yeye, na simu ya mumewe ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, Westlands, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani.

Saa nane na dakika kumi Mwongeli aliinua mkono wa simu, akabonyeza kitufe cha chumba cha juu. Haikulia. Laini ilikuwa wazi, simu ya huko imeondolewa mahali pake. Akasikia redio, watu wanaimba wimbo wa kanisa kwa Kikuyu.

"Shosho?" akasema. "Shosho, ni mimi. Ni Mwongeli."

Watu wa redioni wakamaliza ubeti, wakaanza mwingine.

Alikimbia. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wa jikoni vilevile. Akampigia Kiarie mara tatu, ya nne akashika.

"Boss, shosho hajibu. Nataka kuingia."

"Hajibu nini? Si nilikwambia..." Kisha akakatiza, labda akisoma ujumbe. Sauti ikabadilika. "Nakuja. Usivunje kitu. Nakuja."

Mwongeli alilivunja dirisha la jikoni kwa rungu lake, akapanda, akajikata kiganja, akapanda ngazi mbio, damu ikidondoka kwenye zulia. Mlango wa juu ulikuwa wa mbao nzito ya zamani. Aliupiga bega mpaka bega likafa ganzi. Akalala chini, akachungulia pale mwanga unapopita. Aliona mguu wa kitanda, kikombe kilichopinduka, chai iliyokauka sakafuni, na mkono. Mkono ulikuwa karibu kabisa na mlango. Bibi alikuwa ametoka kwenye simu akatambaa.

"Shosho, niko hapa. Mwanao anakuja. Niko hapa."

Akapitisha vidole chini ya mlango, vikamfikia. Mkono ulikuwa na jasho baridi, na bado ulikuwa na uhai. Kwa muda fulani nao ulimgusa, au Mwongeli alifikiri hivyo. Redio iliendelea kuimba.

Kiarie alifika baada ya dakika ishirini. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwenye mnyororo mmoja na wa gari, nao ukamwanguka mara mbili. Walimbeba mama yake pamoja hadi kwenye gari, Mwongeli akishika kichwa. Hospitalini walimpokea akiwa hapumui.

Daktari aliyewaeleza alikuwa mwanamke kijana, na alisema wazi, labda kwa kuwa alikuwa bado hajafundishwa kuficha. Sindano ilishusha sukari, na chakula hakikuingia. Mwili ukaishiwa. Kwanza mtu hutetemeka, kisha huchanganyikiwa, kisha hulala.

"Na kama angepatikana mapema?" Debra akauliza. Alikuwa amefika akiwa na kiatu kimoja kilichokatika kisigino.

"Chai yenye sukari ingetosha," daktari akasema. "Kikombe kimoja."

Debra akaketi sakafuni.

Kesho yake walikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Kabla ya kuitwa, Kiarie alimfuata Mwongeli uani, kando ya magari mabovu. Hakuwa amenyoa wala kulala.

"Ile simu ni ya zamani," akasema. "Kuna siku hailii. Si ndio?"

Mwongeli alimtazama. Alielewa kwamba hakuwa akimtisha. Alikuwa akimwomba ampe kitu cha kushikilia.

"Ililia, boss. Kuanzia saa sita kasorobo."

"Kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

Kiarie akatikisa kichwa polepole, akaenda akasimama akiukabili ukuta.

Mwongeli alimwambia polisi yote: kwamba ililia, kwamba alikuwa amekatazwa kushika, kwamba hakushika. Polisi aliandika kwa kalamu ya bluu, akamwambia aweke sahihi. Hakuna aliyeshtakiwa. Kiliandikwa kifo cha maradhi, faili likafungwa. Wiki iliyofuata Obuya alimwita ofisini, akamsomea barua ya kuachishwa kazi kwa kosa la kuvunja dirisha la mteja. Obuya mwenyewe hakuweza kumwangalia alipokuwa akisoma.

Hakwenda mazishini. Lakini Jumamosi iliyofuata alishuka Ngong Road, akaingia Woodley, akaulizia nyumba ya Mama Wanjugu. Alimkuta amekaa mlangoni, miguu imefungwa bandeji, mtu mnene mwenye sura ile ile aliyoiona kitandani hospitalini, ila hii ilikuwa hai. Alimkaribisha kigoda. Mwongeli alijitambulisha, kisha akasema yote aliyoyasema polisi, bila kujipunguzia.

Wanjugu alimsikiliza mpaka mwisho. Jirani alipita akasalimia, hakujibiwa.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema hatimaye. "Hannah aliniambia juu yako. Kiarie alimpa simu tuongee mwezi uliopita, akasema ako na rafiki getini."

Mwongeli akainamisha kichwa.

"Sitakwambia nimekusamehe," Wanjugu akasema. "Labda mwaka ujao. Sasa sina." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Lakini kuna kitu nataka kujua. Mimi sikusikia sauti yake tangu wakati huo. Wewe ulikuwa karibu. Hizo wiki mbili za mwisho, alikuwa akisema nini? Alinitaja?"

Mwongeli alifungua mdomo. Alitafuta moyoni mwake jambo lolote, hata la uongo, hata neno moja la kumpa mwanamke huyu. Aliona kibanda, na simu inayotetema chini ya mkono wake.

"Sijui, mama," akasema. "Sikushika."