Tano Kasoro Moja

Saa mbili asubuhi fundi wa maabara alifuta meza kwa spiriti, akasali kimyakimya, akawasha pampu. Ilikuwa Jumanne, siku yake ya kwanza kazini baada ya likizo ya mwezi mzima. Pampu ilisukuma maji ya sukari ndani ya kipande cha kioo kidogo kama stempu, chenye mifereji mitano myembamba kuliko unywele. Katika kila mfereji kimeng'enya kimoja kiliunga punje moja ya sukari kwenye mnyororo. Mnyororo ukitimia punje tano, huwa ile sukari ya maziwa ya mama inayolinda matumbo ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Matone yalitoka yakilia. Yalilia kama vichanga, mara moja kwa kila punje, kisha yakanyamaza chupani. Mhasibu wa chumba cha pili alikuwa amelalamika kwa barua, meza yake ikahamishiwa dirishani, mbali na vilio.

Tone la kwanza lililia mara nne. Fundi akasubiri. La pili, nne. La mia, nne. Akaenda kwa mkuu wake.

"Bosi, kimeng'enya cha tano hakifanyi kazi."

"Kiliisha ulipoondoka tu. Kukiagiza ni kazi."

"Na lebo inasema tano!"

"Ni tano kasoro moja. Ikiwa saa tano kasoro dakika moja, ukiulizwa, si unajibu saa tano?" Akacheka peke yake.

"Mtoto wa mdogo wangu anainywa."

"Basi mwombee. Si wewe ndiye mcha Mungu wetu?"

Fundi akatoka, akampigia mdogo wake wodini.

"Usimpe ile sukari. Haijatimia."

"Dada, tumbo limemvimba tangu jana. Daktari kasema tumwongezee. Nimnyime?"

"Nakwambia haijatimia!"

"Chupa ninayo mkononi. Imeandikwa tano, na sahihi yako hii hapa chini. Nisipokuamini wewe, nimwamini nani?"

"Hiyo sahihi inachapwa tu, mdogo wangu."

"Nesi huyo kaja. Nitakupigia."

Fundi akarudi mezani, akazima pampu. Matone hayakujali. Yaliendelea kutoka, kila moja na vilio vyake vinne, mpaka chupa zote zikajaa. Mchana dereva alikuja, akasaini, akayapakia masanduku moja moja kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kila moja lilikuwa limeandikwa: Shika polepole, ni ya watoto.