Nishani ya Kumi na Mbili

Herufi Z ilikuwa imechakaa, ndiyo maana niliipiga mara mbili. Nyundo ikateleza, shaba ikabaki na kovu dogo pembeni. Nikaifuta kwa kanga, nikaendelea: E, N, O, N. Nilipomaliza ndipo nikagundua nimeandika jina la kaka yangu.

Hapana, ngoja niseme kweli, maana kuficha hakunisaidii tena. Sikugundua. Nilikusudia.

Ulikuwa mwaka 1992, miaka ya ruksa, na kila mtu Sumbawanga alikuwa anauza kitu. Mimi nilirithi kibanda cha baba, marehemu Eustaki, pamoja na seti yake ya herufi za chuma. Nilipiga majina kwenye sufuria ili zikiazimwa msibani zirudi kwa wenyewe, kwenye fremu za baiskeli, na kwenye vibao vya misalaba ya makaburini. Siku moja akaingia Meshack, mfanyabiashara kutoka Mbeya, na nishani halisi ya vita vya Kagera ndani ya leso. Alitaka nakala kumi na mbili.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Za wakusanyaji, dada. Kuna wazungu wanakusanya nishani kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda." Akaigeuza, nyuma ilikuwa tupu. "Hapa piga jina na namba. Jina lolote lile. Wanapenda nishani yenye mtu."

Maneno hayo hayakunipendeza, lakini kazi niliichukua. Niliyeyusha mabomba mabovu ya shaba, nikamimina kwenye mchanga, nikasugua mpaka viganja vikachubuka. Kumi na moja niliwapa watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, kila mmoja na namba yake ya uongo. Ya kumi na mbili nilimpa Zenon. Namba yake ya jeshi sikuijua, kwa hiyo nikaandika kijiji chetu, Pito.

Zenon aliondoka kwenda vitani mwishoni mwa mwaka 1978. Haikuja barua wala maiti. Watu walipomshauri mama akubali misa ya marehemu, aliwatoa mbio. "Mnamzika mtu anayetembea?" Kila Pasaka alifua blanketi la Zenon na kulianika, kwa kuwa baridi ya Ufipa haina huruma na mtoto asije akakuta blanketi linanuka. Nilimpenda mama, na mambo hayo yalinichosha.

Meshack aliporudi aliigeuza ile ya mwisho akakunja uso. "Hii haina namba. Nani ataichukua?" Hata hivyo akaitumbukiza mfukoni pamoja na zile nyingine. Hapo ndipo ningepaswa kumshika mkono. Nilinyamaza kwa sababu lilinifurahisha wazo kwamba ng'ambo huko, ukutani kwa mtu nisiyemjua, kaka yangu angekuwa shujaa.

Miezi mitano baadaye, Jumapili, nilikuwa kwa mama tunapukuchua maharage. Akaja mwanamume anayechechemea, kiroba cha dagaa begani.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo kwa mzee Eustaki?"

"Marahaba, baba. Eustaki mwenyewe amelala pale," mama akaonyesha kaburi kando ya nyumba.

Aliitwa Yonas, askari wa zamani, sasa mchuuzi wa dagaa Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Mbeya alikuwa ameshindwa kuuza kitu fulani, akabadilishana naye kwa dagaa. Yonas alisoma jina, akasoma kijiji, akakosa amani mpaka alipofika Pito na kuelekezwa kwa mzee Eustaki. "Hii si ya kuuzwa, mama. Ni ya kwenu." Akaiweka kiganjani mwa mama.

Niliona kovu pembeni mwa Z.

Mama hakujua kusoma. Alizipapasa herufi moja moja, Yonas akimtajia. Kisha akauliza taratibu, "Mtu akiwa hai, anaweza kuiacha hii?"

Yonas alitazama chini. "Hawezi, mama. Mimi yangu ningekufa nayo."

Alisema kwa wema, Mungu amlipe. Mama akakaa chini akatoa kilio cha miaka kumi na mitatu, na kabla sijafumbua mdomo majirani walikwisha kufika, mikeka imetandikwa, sufuria zimeanza kuingia zikiwa na majina niliyoyapiga mimi. Nilijiambia nitasema wakiondoka. Hawakuondoka. Alikuja padri kutoka Kaengesa, ikasomwa misa, likachimbwa kaburi dogo ubavuni mwa baba, na nishani ikashushwa imeviringishwa kwenye lile blanketi.

"Kibao utapiga wewe," mama aliniambia.

Nikapiga. Safari hii Z ilitoka safi kwa pigo moja, nikauogopa mkono wangu.

Baada ya matanga mama alianza kulala. Alilala mchana, akalala usiku, chakula akakionja tu. Kumbe kungoja ndiko kulikokuwa kunamsimamisha! Mvua zilipoanza hakuweza tena kuinuka. Asubuhi moja nilimpelekea uji, woga wa kumpoteza ukanishinda nguvu, nikamwambia yote: mabomba, Meshack, zile kumi na mbili, nyundo yangu.

"Mama, hakuna anayejua kama amekufa. Pengine yuko hai. Jina lile nililiandika mimi."

Alinisikiliza amefumba macho. Nilitamani anipige, anilaani, afanye lolote. Akanyoosha mkono akaushika wangu, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata sikuusikia vizuri.

"Miaka yote hiyo nimekaa naye macho," akasema. "Sasa nimeshamlaza. Usiniamshie mtoto, Coleta."

Nikamfunika, nikatoka nje. Alifariki wiki iliyofuata, na wa kumngoja Zenon nimebaki mimi.