Mchango wa Mgonjwa wa Kerege

Nyie mnaowaazima watoto wenu laini za simu zenye majina yenu, sogeeni msikie yaliyomkuta Zuleha wa Bagamoyo. Na mkishasikia, msiishie kusema masikini. Nendeni mkaulize watoto wenu wanafanya nini na simu.

Zuleha, mama Najim, ni mwanamke wa Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo si ile ya Dar. Mume alishafariki, na riziki yake ni vitumbua. Asubuhi moja yuko jikoni, chuma kimeshika moto, simu yake ikaanza kulia. Ikalia tena. Ikalia mpaka akadhani kuna msiba. Kuitazama, ni ujumbe wa pesa. Umepokea kutoka kwa fulani, umepokea kutoka kwa fulani. Wanaume watupu, na hakuna hata mmoja anayemjua.

Wengine wangepiga vigelegele. Zuleha alimwita mwanawe.

"Najim! Hebu njoo hapa upesi! Hawa wanaume wananitumia hela wananidai nini mimi?"

Najim akatoka chumbani anapiga miayo, jezi ya bluu ya Mamba wa Wami mwilini. Kijana mkubwa, ndevu zimeshaota, lakini timu ikifungwa analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Tulia, Mama. Ni mchango wa kundi letu la wasapu. Tunamchangia Masoud Kufuli."

"Kufuli yule golikipa? Aliyekuwa akimpandisha marehemu baba yako presha?"

"Huyohuyo. Anaumwa, hana hata panadoli. Mashabiki wa nchi nzima wanachangia."

"Na namba yangu imefikaje nchi nzima?"

Najim akajikuna shingo. "Unajua, mtu akituma pesa linatokea jina la mwenye laini. Yangu niliinunua mkononi kwa fundi, jina lake halieleweki. Watu wakiliona wanasita. Ikitokea Zuleha Mwinshehe wanajua huyu mama wa watu, hana utapeli. Wamekuamini, Mama! Ufurahi."

"Nifurahi? Jina langu umelitundika mtandaoni kama shuka kwenye kamba, halafu nifurahi?"

"Ijumaa baada ya swala tunampelekea mzee chake Kerege, tunapiga picha, basi. Nyie wa darasa la saba kila kitu mnaona wizi."

"Darasa la saba hilohilo ndilo lenye laini," alisema Zuleha. "Lete hiyo video niione."

Najim akamwonyesha. Chumba cha mbele cha nyumba ya matofali, kitanda cha kamba, chandarua kimefungwa fundo. Mzee mwembamba kalala, shuka mpaka kidevuni, ukutani zinaning'inia glovu kuukuu za kudakia mpira. Najim mwenyewe anasikika akisema kwa sauti ya kulia, "Huyu ndiye Kufuli wetu, jamani, tumemsahau." Mzee anakohoa, anainua mkono, hasemi neno. Sura ilikuwa ya Masoud, ile ya kwenye magazeti ya zamani, ila uzee umeipitia.

Zuleha hakuitazama sura sana. Alitazama kule mwisho wa kitanda, shuka isikofika. Marehemu mumewe alilala kitandani mwaka mzima, na ni yeye aliyekuwa akimwosha miguu. Mtu akilala muda mrefu nyayo hulainika. Nyayo za huyu zilikuwa zimechanika, na kisiginoni palikuwa na tope bichi.

"Huyu kalala tangu lini?"

"Miezi."

"Na mkewe mlimwona?"

"Mke wa mtu tumwone wa nini? Tulikaa chumba cha mbele kwa adabu zetu. Mzee kasema mkewe yuko ndani, hatoki."

"Maji ya kunywa aliwapa nani?"

"Tulijichotea wenyewe mtungini. Mama, haya mambo ya kipolisi yametoka wapi?"

Zuleha alimrudishia simu. Vitumbua viliungua siku ile, na hakujali. Mke gani ana mgonjwa hoi, wanakuja vijana na neema mkononi, hata kikombe cha maji asitokeze mkono mlangoni? Na kitu kikija kuharibika Ijumaa, nchi nzima itamtafuta nani? Haitamtafuta Kufuli. Itatafuta jina lililotokea kwenye simu.

Kwetu pwani mgonjwa haulizwi kwa simu tu, anakwenda kuonwa. Na mwanamke akienda kumwona mgonjwa haishii barazani, anapita mpaka uani kwa mwanamke wa nyumba. Vijana walikwenda kiume. Hawakuwa na kosa, lakini nyumba waliiona nusu.

Kwa hiyo Jumatano Zuleha alipika uji wa mchele, akautia kwenye chupa ya chai, akavaa baibui lake la kutokea lililofukizwa udi, akapanda gari la Kerege bila kumuaga Najim. Pale Kerege kila mtu kaja na hamsini zake kutoka kwingine, jirani hamjui jirani. Muuza chipsi alijua tu kwamba nyumba ya glovu ni ile ya tatu nyuma ya duka la saruji. Hakujua zaidi.

"Hodi wenyewe!"

 Kisha akasikia nyayo zinakwenda haraka haraka, kitanda kikalia, na kikohozi kikafuata.

"Karibu," ilisema sauti dhaifu.

Mzee alikuwa chini ya shuka. Alikuwa anahema, na paji la uso linang'aa jasho.

"Shikamoo mzee Masoud."

"Marahaba, mwanangu. Unatokea wapi?"

"Bagamoyo. Mimi ndiye mama Najim, mwenye ile laini."

Alipolisikia neno laini, mzee aliinuka kidogo kuliko inavyompasa mgonjwa. "Aah! Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Umekuja nazo?"

"Nimekuja na uji. Ngoja nimpe mkeo akumiminie."

"Mke wangu hapokei wageni."

"Mimi mwanamke mwenzake."

"Hata wanawake. Weka hapo tu."

Zuleha akaketi kwenye kigoda. Akaangalia chumba kizima. Hakuna dawa, hakuna beseni, hakuna harufu ya ugonjwa. Alitamani kukimbia akapande gari, lakini moyo ukamwambia, ukikimbia Ijumaa inakuja vilevile. Na hapo adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini barabarani.

"Basi naomba maji ya udhu, nisali."

"Nenda kwa jirani, wana bomba."

"Nivuke barabara nikaombe udhu kwa mtu nisiyemjua, na nyumba ya Muislamu ni hii? Mzee Masoud, utanijibu hivyo mimi?"

 Muislamu atamnyimaje mtu maji ya udhu? Zuleha hakungoja. Alipita pazia, akavuka ukumbi mwembamba, akatokea uani.

Kule uani, mlangoni mwa chumba cha nyuma, alikaa mwanamke kwenye mkeka. Kajitanda shuka nyeupe tupu. Hana hina, hana wanja, hana kipini puani, na tundu la kipini lipo. Zuleha alimsogelea ampe mkono, mwanamke akarudi nyuma.

"Usinikaribie na huo udi wako, mwenzangu. Mimi nipo edani."

Zuleha akaurudisha mkono.

"Eda ya nani, dada?"

"Ya mume wangu, Masoud. Yule mdaka mpira, labda ulimsikia zamani." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kuona jina halikumbukwi. "Mimi naitwa Shufaa."

"Na... na huyu wa mbele?"

"Huyo Muhidini, mdogo wake. Nyumba ni yake. Tulihamia hapa Masoud alipozidiwa, awe karibu na hospitali. Alivyofariki wakamzika kwao Miono, mimi nikakalishwa eda hapahapa, tulipokuwa tunaishi. Shemeji si maharimu wangu, anaweza kunioa, ndiyo maana analala mbele. Nasikia vijana huja kumpa pole. Wanacheka sana lakini, vijana hao. Msibani hawachekwi."

Sasa eleweni jinsi ilivyokuwa. Eda ndiyo iliyomficha yule mjane, na adabu ya vijana ndiyo iliyofunga mlango. Hakuna mwanamume mgeni angeweza kumfikia, na hakuna ambaye angethubutu kuuliza kwa nini mke wa watu hatoki. Mtu akiwa na sura ya ndugu yake na glovu zake, anahitaji nini tena?

Zuleha alimwambia yote. Alidhani Shufaa atapiga yowe. Hakupiga. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la shuka.

"Wanamchangia dawa?" aliuliza mwishowe. "Alipokuwa anatapika damu usiku na mchana mimi sikuona jezi hata moja mlangoni."

"Walikuwa hawajui, dada."

"Sijasema wabaya. Lakini hizo pesa watu wamezitoa kwa nia ya mgonjwa, na mgonjwa hayupo. Zikiingia mkononi mwangu hivyo hivyo, nami nimo kwenye uongo. Kama ni sadaka ya maiti, waambiwe ni ya maiti. Atakaye atoe, asiyetaka achukue chake. Na picha wasinipige. Nipo edani."

Zuleha alitia udhu, akasali mkekani mwa Shufaa. Aliporudi chumba cha mbele, mgonjwa alikuwa amekaa kitako, miguu chini, hakohoi.

"Umeshamwona," alisema Muhidini.

"Nimemwona. Huoni haya? Unalala kitandani mwa maiti unajifanya ndiye!"

"Nisikilize, mama Najim. Wale vijana walikuja wenyewe. Waliingia wakasema, Kufuli, tumekupata! Wananishika mkono, wanalia. Nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza tu."

"Na jana? Na juzi?"

Muhidini akaangalia ukutani. "Nikisema kafa watanipa nini? Watu wanachangia mgonjwa. Maiti wanamwandikia pole ya mikono miwili ile ya kwenye simu, wanaendelea na mambo yao. Eda ikiisha huyu shemeji ataondoka na nini? Na mimi namlisha na nini?" Kisha akashusha sauti. "Lakini na wewe una fungu lako. Laini ni yako, hatuwezi kukusahau."

"Nikienda polisi?"

"Nenda. Watauliza pesa zimeingia kwa nani. Zimeingia kwangu?"

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Zuleha alitoka na chupa yake ya uji bado imejaa, na njia nzima ya kurudi Bagamoyo alikuwa anaona jina lake limeandikwa kwenye ubao wa kituo cha polisi. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Ijumaa zitoke, ziende, mwanawe apige picha zake. Nani angejua? Lakini eda ina mwisho. Shufaa angetoka siku moja, akanunue chumvi dukani, aulizwe hali ya mumewe.

Najim aliposikia alisema mama kadanganywa. Halafu akasema haiwezekani. Halafu akaitazama ile video tena, mara nyingi, na safari hii alitazama miguu. Akakaa chini.

"Mama, wataniua."

"Hawatakuua. Sema sasa hivi, kwa sauti yako, wakati pesa bado zipo zote."

Najim akashika simu akalisemesha kundi. Masoud Kufuli alishafariki, aliyelala kitandani ni nduguye, aliyebaki ni mjane, na kila aliyechangia aseme kama anarudishiwa au anampa mjane. Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Wewe na mama yako mmetafuta ujanja wa kutula. Jana alikuwa mgonjwa, leo maiti, kesho atafufuka? Mmoja kutoka Msata, Ibrahimu, yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: "Leta picha ya huyo mjane. Hakuna picha, hakuna mjane. Jina la mama yako ninalo hapa."

Ndivyo ilivyo mtandaoni. Uongo ulikuwa na video, ukweli umekaa uani umejitanda nyeupe na haupigwi picha.

Zuleha alimnyang'anya Najim simu, akabonyeza kile kidude cha kusemea, akazungumza na kundi zima la wanaume:

"Mimi ndiye Zuleha mnayenitukana. Mwanamke wa eda hapigwi picha, na nyie hamwingii kwake. Mnataka kuhakikisha? Mna mama nyumbani. Leteni mama zenu Kerege kesho kabla ya adhuhuri. Nitakuwepo mimi na hiyo laini yangu."

Siku ya pili alisimama kituo cha magari Kerege, jua likipanda. Gari la kwanza halikumshusha mama yeyote. La pili vilevile. Alianza kujiuliza kama hakuna mwanaume hata mmoja aliyekuwa na mama. Mwishowe akashuka mwanamke mmoja mnene mwenye miwani, akamtazama Zuleha juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Zuleha Mwinshehe?"

"Ndiye."

"Mimi mama Ibrahimu. Twende. Na usitangulie, tutembee sambamba."

Wakafuatana mpaka nyumbani. Muhidini alikuwa kakaa barazani, akasogeza miguu wapite. Mama Ibrahimu alikaa uani muda mrefu. Zuleha alimsikia akiuliza maswali kama hakimu, ndoa ilifungwa wapi, walii aliyemwozesha nani, nani alimwosha maiti, kisha maswali yakakoma, akasikia kilio cha wanawake wawili.

Alipotoka alipangusa miwani kwa ncha ya mtandio, akampigia mwanawe palepale.

"Ibrahimu, mgonjwa hayupo. Yupo mjane, nimemshika kwa mikono yangu. Waambie wenzio waseme wenyewe mmoja mmoja wanataka nini, na wakome kumtukana mama wa watu."

Akakata. Kisha akamgeukia Zuleha, uso haujalainika.

"Na wewe, hiyo simu isizimwe mpaka mchangiaji wa mwisho ajibu. Nitakuwa napiga."

Zuleha hakuchukia. Ingekuwa yeye katoka Msata, angesema hivyohivyo.

"Piga," alisema. "Hata alfajiri, piga."