Kambare wa Pipani

Mtaani walimwita Redio, na jina hilo hawakumpa kwa kumwonea. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na mtu aliyeingia kutafuta bawaba tu alitoka na bawaba, kitasa, na hadithi ya namna Redio alivyomvua kambare mrefu kama mlango. Uongo mtupu. Redio alipanda boti mara moja tu maishani mwake, akatapika mpaka nyongo, akarudishwa ufukweni amelala kama gunia. Ile picha aliyomtumia baba mkwe wake, amemkumbatia kambare na meno yote nje, aliipiga na samaki wa watu.

Sasa baba mkwe huyo ndiye aliyekuwa anakuja. Alikuwa fundi saa, mikono imeanza kumtetemeka, na duka lake alitaka kumwachia mtu wa nyumbani. Redio alilitaka duka lile kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kubeba saruji na kufokewa na tajiri mbele ya wateja. Mzee naye hakuzunguka.

"Kazi ya saa nitakufundisha, mkwe," alimwambia kwenye simu. "Lakini mtu akikuachia saa ya marehemu baba yake, wewe ukaenda kuifungua nyuma ya pazia, hajui umeweka nini ndani. Amebaki na neno lako tu. Nakuja nikae nanyi kidogo, nikutazame." Kisha sauti ikachangamka. "Na unipeleke ziwani, nikuone unavyovua."

Mwingine angesema ukweli pale pale, akacheka, yakaisha. Mke wake alimwambia hivyo hivyo. "Mwambie baba ulikuwa unatia chumvi. Atacheka, yaishe."

"Ataniona mimi ni mtu gani?"

"Atakuona wewe. Haya, fanya unavyotaka, ila mimi simo."

Redio akaenda sokoni akanunua kambare mzima, anahema, mnono, sharubu moja imekatika katikati. Akamtia ndani ya pipa la maji nyuma ya jiko, akafunika kwa bati na kuweka tofali juu. Alipokuwa anaweka lile tofali alijiona mjinga kabisa, mtu mzima na ndevu zake anamfungia samaki. Lakini akaliweka.

Mzee alifika jioni, na ufunguo wa duka ukining'inia shingoni kwa kamba, kama alivyouvaa siku zote. Walikunywa chai na mkate. Katikati ya chai aliinuka na kipande chake mkononi, akasema anakwenda nyuma kupunga upepo, amekaa sana safarini. Aliporudi, kipande cha mkate hakipo. Redio akafurahi kwamba mzee hali yake ni nzuri, anakula vizuri.

Asubuhi Redio aliwahi ziwani peke yake, gunia bichi lenye yule kambare begani, akisema anakwenda kuandaa boti. Mwenye boti alikuwa mwanamke wa makamo, nahodha aliyepeleka wageni kuvua kwa safari za nusu siku, wakitoka asubuhi na kurudi kabla jua halijawa kali. Redio alimweleza shida yake huku anatazama viatu vyake. "Nikikohoa, mzee akiwa ametazama pembeni, mtundike huyu kwenye ndoano yangu, umtumbukize."

Nahodha alifungua gunia, akachungulia. "Kazi yangu ni kuwaonyesha watu samaki walipo," alisema. "Huyu mbona yupo."

"Nisitiri tu, dada."

Nahodha alilisukuma gunia chini ya turubai, akaenda kujaza mafuta kwenye injini. Redio alitamani angemtukana, ingekuwa afadhali.

Mzee alipofika, walipanda boti wote watatu. Ziwa lilikuwa pana, ng'ambo haionekani. Nahodha alitia nanga karibu na matete, akawapa kila mmoja fimbo na mshipi wake, akawaonyesha namna ya kuchomeka maini ya kuku kwenye ndoano. Mzee alichomeka polepole, mikono ikimtetemeka, hakutaka kusaidiwa. Redio alimwomba Mungu asitapike leo.

"Mkwe, hebu nifundishe," mzee alisema. "Kambare anapenda kula nini?"

Hapo Redio akapata uhai. "Maini, minyoo, vitu vya damu, baba. Lazima kiwe na harufu."

"Na mkate?"

"Mkate hagusi."

"Hagusi kabisa?"

"Hata afe njaa. Mimi nimevua miaka, baba. Mkate hagusi."

Mzee alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akageukia maji. Nahodha naye akainama ghafla kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Hazikupita dakika nyingi, mshipi wa mzee ukavutwa. Alisimama, nahodha akamshika mkanda asianguke, na kwa kuhangaika kwingi akamtoa kambare mdogo, urefu wa kiganja na kidogo. Mzee alicheka kama mtoto. Alimshika kwa mikono yote miwili, maji yakamlowesha mpaka magotini, asijali. Redio alipaswa kufurahi naye. Badala yake aliuma midomo. Mtu aliyeshika ndoano leo kwa mara ya kwanza amepata, na bingwa hana kitu. Akakohoa.

Mzee alikuwa ameinamia ndoo akimtazama samaki wake. Nahodha akafanya aliyoombwa, upesi, bila kumtazama Redio usoni. Yule kambare mkubwa akatumbukia, mshipi ukakaza, na Redio akaanza vituko: akajivuta nyuma, akaguna, akaomba wavu, akamtaja Mungu. Mzee mwenyewe ndiye aliyemkinga samaki kwa wavu. Walipomlaza ubaoni, alimpapasa kichwa kwa kidole.

"Huyu sharubu yake imekatika."

"Wanapigana huko chini, baba."

"Ahaa." Kidole cha mzee kilibaki palepale kwenye sharubu. "Na umemvua hapa hapa, mwanangu?"

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Redio aliona kabisa kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba angeweza kupita. "Hapa hapa, baba. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona," alisema mzee, akanawa mikono ziwani.

Walipofika ufukweni, mzee ndiye aliyemtoa kimasomaso. Aliwaonyesha watu: huyu mdogo wangu, yule mkubwa wa mkwe wangu. Watu wakampongeza, mmoja akampiga Redio begani. Uso ulimwaka. Kila pongezi ilimchoma, na alipogeuka alimwona nahodha anaosha boti, amewapa mgongo. Njiani kurudi nyumbani alijiambia atasema wakifika kwenye kona. Kona ikapita. Akajiambia atasema getini. Getini mzee akamshukuru kwa safari nzuri, maneno yakamrudi tumboni.

Mke wake aliwakaanga wote wawili, akawaweka mezani kwenye sinia moja. Alimmegea baba yake kipande kinono cha yule mkubwa, kama ilivyo adabu. Mzee akakirudisha kwenye sinia, taratibu.

"Mimi nipe huyu mdogo, mama."

"Mbona hana nyama, baba?"

"Basi. Huyo mkubwa jana nilimlisha mkate, pale pipani. Alikula kipande kizima." Alianza kuchambua miba ya samaki wake. "Samaki niliyemlisha kwa mkono wangu siwezi kumla."

Redio hakuinua macho. Alisikia maji yanachemka jikoni, na jirani anamwita mtoto.

"Jana nilimuuliza mke wako kwa nini kuna samaki ndani ya pipa," mzee aliendelea. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Redio zaidi. "Akaniambia, muulize mwenyewe, baba. Nikakuuliza. Ungeniambia wakati wowote leo, mkwe, ningecheka mpaka boti ipinduke."

"Nilimnunua sokoni," Redio alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Najua."

Mzee alinawa, akajifuta, akaivua ile kamba shingoni. Ufunguo akauweka kando ya sahani ya binti yake, akamwambia aje dukani na miwani ya kusomea, maana skrubu za saa ni ndogo. Kisha akamsogezea Redio lile sinia lenye kambare mkubwa, mzima karibu wote.

"Kula, mkwe," alisema. "Wa kwako huyo."